Mwanamke Tuliyemwita Kontroli

Mkubwa wetu alikuwa akisema "protini yangu" vile baba yangu alivyokuwa akisema "ng'ombe wangu", tofauti ni kwamba baba yangu ng'ombe alikuwa nao. Protini ile hakuitengeneza yeye. Ilikuwa imo katika damu ya wanawake tangu wanawake waumbwe, ikipanda mimba inapoingia na kushuka mtoto anapozaliwa, bila kumwomba ruhusa daktari yeyote aliyerudi kutoka ng'ambo na masanduku yake na lafudhi mpya. Lakini ukimsikia akiwatembeza wageni katika ile nyumba ya Spring Valley, mtaa wa matajiri, tuliyoigeuza maabara, ungedhani alishuka nayo kutoka kwenye ndege, imefungwa vizuri mfukoni.

Nasema nyumba kwa sababu ilikuwa nyumba. Mashine zilikaa katika chumba cha kulia chakula, vyombo vya kioo tuliviosha jikoni, na friza kubwa ya kuhifadhia damu ilinguruma katika kile chumba cha uani ambamo zamani alilala mfanyakazi wa nyumbani. Bwawa la kuogelea lilikuwa limekauka, tukawa tunatupa humo maboksi. Sebuleni lilitundikwa bango la mradi lenye picha ya mwanamke wa Kizungu mjamzito, amevaa nguo nyeupe, anatabasamu katikati ya maua. Damu yote tuliyoichunguza ilitoka kwa wanawake wa mitaa maskini ya Dagoretti Corner na Kawangware, na mimi sikuwahi kumwona hata mmoja wao akitabasamu namna hiyo akiwa na mimba changa. Wengi walikuwa wakitafuta pa kutapikia. Nilimuuliza mkubwa mbona tusiweke picha ya mtu wa huku. Akaniambia ile ni picha ya "dunia nzima". Nikarudi kwenye kazi yangu.

Kazi yenyewe niliipenda, na bado naipenda, ndiyo maana hasira yangu haijaisha. Mimi ni mtaalamu wa maabara, nimeisomea, na wakati huo nilikuwa nikikaa Uthiru. Damu ikifika kutoka kliniki, naizungusha kwenye mashine mpaka wekundu uzame chini na juu yabaki maji ya manjano. Ndani ya maji hayo mna protini za kila namna, na mojawapo, albumini, ni nyingi hata inazifunika nyingine zote, kama mgeni mnene aliyelikalia kochi zima. Hiyo naiondoa kwanza. Zilizobaki naziweka kwenye kipande chembamba cha jeli, natia umeme, nazo zinaanza kutembea: ndogo zinafika mbali, kubwa zinabaki nyuma. Kisha natia rangi ya bluu, na kila protini inajionyesha kwa mstari wake. Mwanamke mwenye mimba changa ana mstari mmoja pale juu, mnene, ambao kwa asiye na mimba huuoni, au waona kivuli tu. Huo mstari ndio uliokuwa "protini yangu".

Tulitaka kujua kama mstari huo ukiwa hafifu, mimba iko hatarini. Ni swali zuri. Dada yangu mwenyewe alipoteza mimba bila mtu yeyote kujua sababu, na kama kungekuwa na tone la damu la kumwonya, ningelitaka. Ndiyo maana nilivumilia mengi pale ndani.

Mkubwa naye alikuwa na lalamiko moja lisiloisha: wanawake wanachelewa kuja. Alitaka damu ya wiki za mwanzo kabisa, nao walijitokeza tumbo likiwa limeshaanza kujisema lenyewe. "Hawa mama ni wajinga sana," alikuwa akisema, "hawajui hata kuhesabu." Walijua kuhesabu kuliko yeye. Mimi ni mtu wa magharibi mwa nchi kama wengi wao, na kwetu mimba changa haitangazwi. Huitaji kwa jina, hushoni nguo, humwambii jirani, unasema tu una malaria au mgongo unakusumbua, kwa sababu kitu ambacho bado hakijashika vizuri hakitakiwi kupigiwa kelele. Basi walikuja kliniki wakasema wana malaria. Nesi yeyote mwenye macho alielewa. Mkubwa hakuelewa, akaagiza zichapishwe karatasi za rangi za kuwahimiza wanawake wajitangaze mapema, zenye picha ya yule yule Mzungu wa kwenye maua.

Sasa, ili uonyeshe kwamba mstari ni wa mimba, lazima uweke kando yake damu ya mwanamke asiye na mimba. Hiyo ndiyo kontroli. Mtu yeyote aliyewahi kupita karibu na darasa la sayansi anajua kontroli zinatakiwa ziwe nyingi, wanawake tofauti, wa umri tofauti. Mwanzoni tulikuwa nao kadhaa. Mmoja akaolewa, akashika mimba. Mwingine akaanza sindano za kupanga uzazi, na homoni za namna hiyo zinaweza kuupandisha ule mstari, kwa hiyo akatolewa. Wa tatu akachoka kudungwa. Mkubwa hakutaka kutafuta wengine, maana kutafuta ni kazi, na kazi alituachia sisi, nasi alikuwa ametukataza kupoteza wakati. Mwishowe akabaki mmoja.

Huyo mmoja alikuwa karani wetu wa mapokezi, mwanamke wa pwani, Mwislamu, aliyekaa mjini kati na mumewe na mama mkwe wake, juu ya duka lao la mabaibui na udi. Aliolewa bado kijana, na miaka yote hiyo hakuwahi kushika mimba. Alituambia mwenyewe mchana mmoja tulipokuwa tunakula, kwa sauti ile yake ya chini, bila kujionea huruma. Mkubwa alikuwa akipita na kikombe chake cha kahawa, akasikia. Mtu mwingine angesema pole. Mtu mwingine angejifanya hakusikia, na hiyo pia ni adabu. Yeye alisimama, uso ukamchangamka kama aliyeokota kitu njiani.

"Wewe ndio control perfect!" akasema. "Hakuna risk kabisa!"

Tangu siku hiyo jina lake likawa Kontroli. "Control amefika?" "Mwambie Control aje atolewe damu." Aliitwa hivyo mbele ya dereva, mbele ya wageni wafadhili, mbele ya mumewe alipokuja siku moja kumletea mwavuli. Naye alikuwa akija, anakunja mkono wa baibui, ananinyooshea mkono wake. Mishipa yake ilikuwa rahisi kuipata, na hilo pia mkubwa alilisifu. Kila tulipotengeneza jeli, njia ya mwisho kulia ilikuwa ya damu yake: safi, haina kitu pale juu. Mkubwa alipenda kupaonyesha kwa ncha ya kalamu. "You see? Nothing," alikuwa akiwaambia wageni, na mwenye damu yuko pale pale mlangoni ameshika sinia la chai.

Mimi nimelelewa mahali ambapo mtu akikutukana unamrudishia na nyongeza, na subira ile ilinichoma kuliko tusi lenyewe. Nilimuuliza kwa nini anakubali.

"Wacha tu, mwenzangu," akaniambia. "Mtu hajui alisemalo."

Nilimwambia anajua sana. Akacheka, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Basi ukakaribia mkutano mkubwa wa madaktari katika hoteli moja mjini, ambapo mkubwa alikuwa asimame kuieleza dunia habari za protini yake. Alikuwa ameshanunua tai. Akaniagiza jeli mpya, nzuri, ya kupigwa picha. Nikatoa damu ya karani asubuhi, nikaandaa zote pamoja, nikatia umeme, nikatia rangi, na rangi ya ziada ilipoanza kutoka nikainama kuitazama. Wajawazito walikuwa na mstari wao, kama kawaida. Upande wa kulia, mahali pa "nothing", kulikuwa na mstari.

Haukuwa kivuli. Ulikuwa mstari, mwembamba lakini umejaa.

Mkubwa alipoitwa aliutazama kwa muda mrefu, halafu akanitazama mimi. "Hii ni nini?"

"Ni kontroli, daktari."

"Control haiwezi kuwa na band."

"Hii iko nayo."

"Basi umechanganya tubes. Umemwagia sample ya mtu mwingine hapo. Hii ni sloppy work, na siwezi present kitu kama hii."

Nimefanya kazi ya mikono hii tangu nitoke chuoni, na sijawahi kuchanganya damu ya mtu na ya mtu mwingine. Nilirudia kila kitu tangu mwanzo, kwa vichupa vipya, peke yangu, mlango nimeufunga. Mstari ukarudi pale pale. Akasema maji ya rangi yameharibika, tukatengeneza mengine. Ukarudi. Akasema damu yenyewe imechafuka, niimwage yote na nitoe nyingine. Nilimwuliza kama ana hakika nimwage. "Mwaga! Ni takataka!" Nikamwaga. Nikatoa nyingine, na safari hii mstari ulikuwa mnene zaidi.

Hapo ndipo alipopata hekima mpya. "Anameza kitu huyo. Ama ni family planning, ama ni hizo madawa zao za coast. Watu wa huko wako na dawa ya kila kitu. Enda umuulize."

Mwanamke ambaye miaka yote hii anatafuta mtoto, eti anapanga uzazi! Na huyu ni mtu anayelipwa kufikiri. Hapo nikasema neno ambalo lilikuwa limekaa wazi mezani tangu jana yake, na wote wawili tulikuwa tukiliangalia.

"Daktari, na kama ana mimba?"

Alicheka. Sijui kama nitakisahau kicheko kile. "Nani, huyo? Come on. Huyo ni control."

Alisema hivyo kana kwamba kontroli ni jamii ya mnyama, ana pembe au hana, na ukishamjua hakuna la kuongeza. Mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya mstari mmoja, na mstari umemjia kwa miguu yake mpaka kwenye meza, na yeye anaukataa kwa sababu umekuja kwa mwanamke ambaye alishamwandikia kazi nyingine. Nilimdharau toka siku hiyo, na sikujisumbua kuificha dharau yangu, ila yeye hakuiona.

Nikaenda mapokezi. Nikamuuliza karani, kwa upole niwezavyo, kama anatumia dawa yoyote.

"Dawa? Dawa zipi tena?" akasema. "Nimekwisha acha zote. Za hospitali, za shehe, za bibi mganga wa Kisauni, zote. Sasa nataka wanipige eksirei ya mirija tu, niambiwe imeziba au haikuziba, nijue moja." Akaniambia ameshapata nafasi hospitalini, siku ya Jumatatu. Walimwambia aende mara tu hedhi ikikatika.

"Na hedhi umeipata?"

"Nimepata, lakini kidogo mno. Ya kudondoka tu, siku moja na nusu." Akanitazama. "Mbona umebadilika uso?"

Nikamwambia ni njaa. Eksirei ya namna hiyo si ya kusimama mbele ya ukuta na kubana pumzi. Wanapitisha dawa kwa nguvu ndani ya mji wa mimba mpaka itokeze kwenye mirija, na kama ndani kuna kitu kilichoanza kushika, inaweza kukisukuma kikaondoka na mtu asijue hata kilikuwapo. Hospitalini wangemuuliza kama amepata hedhi. Yeye, kwa uaminifu wake wote, angejibu ndiyo. Damu kidogo ya namna ile mimba nyingi huanza nayo, na wanawake wengi wameidhani hedhi. Ilikuwa Ijumaa.

Nilirudi kwa mkubwa nikamweleza yote: eksirei, hedhi ya kudondoka, mstari unaozidi kunenepa. Nikamwomba ruhusa nimwambie tulichokiona.

"Hapana," akasema. Alikuwa akichagua rangi ya maandishi yake ya mkutano. "Participant hapewi results. Hiyo ni ethics, iko kwa protocol. Na pia si results, nimeshakuambia ni contamination. Utampea mtu false hope ya bure."

Maadili! Mtu aliyemfanya binadamu jina la utani mbele ya mumewe, sasa amekumbuka maadili. Niligeuka nikatoka kabla sijasema neno la kunifukuzisha kazi. Nikazunguka ile nyumba yote nikitafuta kipimo cha mimba cha kawaida, kile kikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo. Nilifungua kabati zote. Tulikuwa na mashine kutoka nchi za mbali, tulikuwa na friza inayogandisha kuliko theluji ya mlima, tulikuwa na daktari wa mimba na bango la mimba, na katika maabara nzima ya kuchunguza mimba hakukuwa na kipimo cha mimba. Nilikaa juu ya boksi kando ya bwawa nikacheka kwa uchungu peke yangu.

Jumamosi asubuhi nikaingia kemisti ya karibu na kwangu Uthiru nikanunua viwili. Msichana wa kaunta alinitazama usoni, akatazama mvi zangu, akavifunga kwenye gazeti kwa siri kubwa. Mambo ya watu hayamhusu, ila yalimpendeza.

Duka la mabaibui lilikuwa katika mojawapo ya zile barabara nyembamba karibu na msikiti mkubwa, na harufu ya udi ilinipokea kabla sijaiona milango. Nilipiga hodi juu. Mama mkwe ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani."

Nikaketishwa. Kwa watu wale huwezi kuingia ukasema shida yako ukaondoka, huo ni ushenzi. Kuliletwa chai ya tangawizi, mahamri, mbaazi za nazi, na nilipozimaliza zikaletwa nyingine. Mama mkwe alinikalia mbele, akaniuliza habari za wazazi, habari za ndugu, habari za mvua za kwetu, na kama nimeolewa. Nikasema bado. Akasema Mungu atajaalia, akamtazama mkaza mwana wake, akaguna kidogo. Mguno ule ulikuwa na hotuba nzima ndani yake. Karani aliinamisha kichwa akaendelea kunimiminia chai, na mimi nikanywa chai ile mpaka nikapata sababu ya kweli ya kuuliza choo kiko wapi.

"Nisindikize," nikamwambia.

"Kipo hapo tu, mlango wa pili."

"Nisindikize, nakuambia."

Mama mkwe alitutazama sote wawili. Tukaenda. Nikafunga mlango, nikafungua gazeti, nikamwonyesha. Alipotupa macho akaviona, uso wake ulijifunga kabisa.

"Hapana," akanong'ona. "Hivi nimevifanya mpaka nikavichukia. Nilikuwa nikivificha chini ya godoro. Usinitie tamaa, mwenzangu. Nilipoikata ndipo nilipopumua."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa maneno mepesi, tumesimama tumebanana kati ya ndoo na ukuta: kwamba ule mstari tunaoutafuta katika damu za wanawake wa Dagoretti Corner, katika damu yake umetokea, nimeurudia na kuurudia, na kwamba mkubwa anasema ni uchafu wa mikono yangu. Na Jumatatu inakuja, na eksirei ya Jumatatu haiulizi mara mbili.

Akakichukua kile kikaratasi kutoka mkononi mwangu.

Tulisubiri, mimi nimempa mgongo. Aliponigusa bega niligeuka. Mistari ilikuwa miwili.

"Kimeharibika hiki," akasema mara moja.

"Hakijaharibika."

"Vya kemisti hivi, huenda vimekaa juani. Una kingine? Jipime wewe tuone."

Basi nikajipima, mwanamke mzima, katika choo cha watu, mama mkwe anakohoa nje ya mlango. Changu kikaonyesha mstari mmoja, kama nilivyojua kitaonyesha. Tukaviweka viwili pembeni mwa beseni, chake na changu, naye akavitazama kimoja, akatazama kingine, akarudia. Kisha akaipindua ndoo akaikalia, akajikunja na kujiziba mdomo kwa mtandio wote wa kichwani. Mabega yalikuwa yakimtetemeka. Nilifurahi, na ni mara chache mimi kufurahi.

"Asijue mtu," akaniambia hatimaye, macho yamemvimba. "Hata yeye hapo nje. Kwanza kishike. Jumatatu siendi."

Tulitoka. Mama mkwe akauliza kama tumbo langu lina nafuu. Nikamwambia limenichafuka kwa safari, akaniletea maji ya ndimu.

Mkutanoni mkubwa alitokeza na tai yake, akaionyesha ukutani picha ya jeli. Nilikuwa nimeketi nyuma, na ilinichukua muda kuelewa kasoro iko wapi. Alikuwa ameikata upande wa kulia. Kontroli haikuwapo kabisa. Watu wakapiga makofi. Mmoja aliuliza kontroli iko wapi, akajibiwa kwamba "kulikuwa na matatizo madogo ya usafi kwa upande wa mafundi", na baadhi yao wakageuka kunitazama. Chakula kilikuwa kizuri, nilikula nikashiba.

Karani aliendelea na kazi yake. Mkubwa alipomhitaji kwa damu alikuwa na mkono unaouma, au amefunga sunna, au yuko kwenye simu. Alipigwa picha ya tumbo hospitalini, moyo ukaonekana unadunda, akanionyesha mara moja tu, haraka, akairudisha ndani ya pochi. Baada ya hapo akamwambia mumewe, kisha mama mkwe, ambaye nasikia alilia kutwa nzima na sasa hamruhusu ainue hata birika. Wa mwisho kuambiwa alikuwa mkubwa. Karani aliingia chumba cha mashine asubuhi moja, sisi wanawake wa maabara tukiwa wote mle, akamwambia mkubwa kwa adabu kwamba ana mimba na angependa kuanzia sasa asitumwe kubeba maboksi.

Mkubwa alifungua mdomo. "Wewe? Una mimba, wewe?" Halafu, kabla ya pongezi, kabla ya neno lolote ambalo binadamu angelisema: "Na sasa control nitatoa wapi?"

Nilimwona akitupitia kwa macho. Mmoja alikuwa ananyonyesha. Mwingine alikuwa bado mwanafunzi wa mafunzo, na baba yake ni wakili. Macho yakatua kwangu, yakatulia.

"Wewe hujawahi zaa, ama? Na huna bwana. So wewe uko perfect."

Nilikuwa nimengoja miaka kumjibu mtu huyu, na jibu lilinijia bila hata kulitafuta. "Daktari," nikamwambia, "kama unamtaka mtu ambaye hawezi kushika mimba hata kwa bahati mbaya, hapa ndani yuko mmoja tu. Kunja shati, nina sindano hapa."

Yule mwanafunzi alicheka kwa sauti, akajiziba. Mkubwa alitahayari hadi masikioni, na mtu akiwa hivyo hujishika na lolote. Akamgeukia karani. Nilimwona fikra zikimjia moja moja, zimechelewa kama kawaida yake: kwamba ule haukuwa uchafu, kwamba alikuwa ameshika mkononi damu ya mapema kuliko yote aliyowahi kuipata, ya mwanamke ambaye tuna damu yake ya kabla.

"Zile samples," akaniuliza. "Zile za kwanza, zenye band. Ziko wapi?"

"Ile ya pili iliisha kwenye jeli. Zile za kwanza ulisema ni takataka. Nilimwaga."

Alivuta kiti mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue, akampangusia karani kwa kiganja. "Kaa, mama. Kaa tu hapa. Bado ni mapema, si ndio? Tutatoa kidogo tu. Kila wiki. Hii ni kitu kubwa sana, hata wewe utafurahi."

Alimwita mama. Karani hakukaa. Alisimama na mikono yake miwili imekutana mbele ya baibui, akamtazama bila hasira yoyote, na hasira aliyokuwa hana yeye nilikuwa nayo mimi ya kutosha watu wawili.

"Daktari," akasema, "ile niliyokuwa nikikupa ilikuwa yangu peke yangu. Hii ina mwenyewe. Na mwenyewe hajaja nimwulize."

Simu ya mapokezi ilikuwa ikilia. Akaomba radhi, akaenda kuipokea.